Kupandikiza wolai katika maziwa madogo ya uvuvi ya Kansas: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali yaliyo hapa chini ni yale ambayo wavuvi wa ndoana wanaozungumza Kiswahili, hasa wanaoishi Wichita na Kansas City, huuliza wanaposimama kando ya maziwa madogo yanayosimamiwa na jimbo. Wengi wetu tulikulia penye maji makubwa ambako samaki huzaliana wenyewe na hakuna anayewaza kuwaleta kwa lori. Hapa mambo ni tofauti, na anayeielewa tofauti hiyo atajua kwa nini mwaka mmoja anapata samaki na mwaka mwingine anarudi nyumbani na ndoo tupu.

Wolai ni samaki gani?

Wolai ni samaki mwindaji wa maji yasiyo na chumvi, asili yake ni Kanada na sehemu kubwa ya kaskazini na katikati ya Marekani, na wanasayansi humwita Sander vitreus. Mwili wake ni mrefu, rangi yake ni ya dhahabu iliyochanganyika na kijani cha zeituni, na ncha ya chini ya mkia wake ina doa jeupe ambalo ndilo alama ya haraka ya kumtambua. Macho yake makubwa yana utando unaorudisha mwanga, kama macho ya paka usiku, na ndiyo sababu huwinda vizuri jioni, usiku na katika maji yenye tope kidogo, wakati samaki anaowawinda hawaoni vizuri kama yeye. Aliyekulia kando ya Ziwa Victoria anaweza kumkumbuka sangara anapoliona pezi la mgongo lenye miiba, lakini hawa si wa ukoo mmoja, na ukubwa wao haukaribiani hata kidogo, kwani wolai wa kilo 5 tayari ni samaki wa kusimuliwa. Minnesota ilimfanya kuwa samaki rasmi wa jimbo mwaka 1965, na hilo peke yake linaonyesha jinsi watu wa huku wanavyompenda.

Ziwa la uvuvi la jimbo ni lipi hasa?

Kansas ina maziwa ya asili machache sana. Karibu kila ziwa unaloliona ni bwawa: bonde lilizibwa kwa tuta la udongo, maji yakajaa nyuma yake. Mabwawa makubwa kama Milford, lenye zaidi ya ekari 15,000, yalijengwa na serikali ya shirikisho hasa kwa ajili ya kuzuia mafuriko. Maziwa ya uvuvi ya jimbo ni jambo jingine: ni mabwawa madogo, mengi chini ya ekari 200, yaliyotengenezwa mahsusi ili wananchi wavue, na yako chini ya Idara ya Wanyamapori na Hifadhi ya Kansas. Baadhi yake, kama lile la Woodson ambalo watu hulijua pia kwa jina la Fegan, yalijengwa miaka ya 1930 kwa nguvu za vijana wa kikosi cha kazi za uhifadhi kilichoundwa wakati wa mdororo mkuu wa uchumi. Kuingia katika maziwa haya hakuhitaji kibali cha gari kama ilivyo kwenye hifadhi za jimbo, lakini leseni ya kuvua inahitajika kuanzia umri wa miaka 16.

Udogo huo wa ziwa ndio kiini cha karibu kila jibu linalofuata.

Kwa nini wolai apandikizwe? Kwani hazaliani mwenyewe?

Huzaliana, lakini si mahali popote. Kati ya mwezi Machi na Aprili, maji yanapofikia nyuzi joto 5 hadi 10, wolai husogea usiku kwenye mawe na changarawe za pwani, jike humwaga mayai, madume humwaga manii juu yake, kisha wote huondoka. Hakuna kiota wala mlinzi. Mayai hukaa hapo wiki mbili hadi tatu, kutegemea joto la maji, huku yakipigwa na mawimbi, yakifunikwa na tope na kuliwa na kila anayepita. Katika ziwa la kaskazini lenye changarawe safi na upepo unaosafisha pwani, mayai ya kutosha hupona. Katika bwawa dogo la Kansas, ambalo mvua ya machipuko hulijaza udongo wa mashambani na ambalo mawe yake pekee ni yale yaliyopangwa kwenye tuta, wanaopona ni wachache mno kuweza kuendeleza uvuvi. Kwa hiyo jimbo hufanya kwa mikono kazi ambayo pwani haiwezi kuifanya.

Mayai hupatikana wapi?

Hupatikana katika mabwawa makubwa ambayo tayari yana wolai wazima wa kutosha. Kila mwaka kuanzia katikati ya Machi, wafanyakazi wa idara hutega nyavu za mtego karibu na tuta, kwa sababu wolai hukusanyika kwenye mawe hayo kana kwamba ndiyo changarawe ya mto. Asubuhi nyavu huinuliwa, samaki wakatenganishwa majike na madume, na kazi huanza hapo hapo kando ya maji.

Kazi yenyewe inafaa kutazamwa kwa macho. Mtu mmoja humshika jike juu ya bakuli kavu na kumkamua taratibu kutoka kifuani kuelekea mkiani, na mayai hutiririka kama uwele uliolowekwa, kila yai likiwa na upana wa milimita 2 hivi. Jike mkubwa anaweza kutoa zaidi ya mayai 100,000. Mwingine huwakamua madume juu ya mayai yale, maji kidogo huongezwa, na mchanganyiko hukorogwa kwa unyoya wa ndege, kwa kuwa unyoya ni mlaini na haupasui yai. Haraka inahitajika, maana manii yakishaguswa na maji huishiwa nguvu ndani ya dakika moja au mbili. Baada ya hapo huongezwa maji yaliyokorogwa kwa udongo laini. Wengi hudhani udongo huo ni uchafu ulioingia kwa bahati mbaya, kumbe ni wa lazima: mayai ya wolai yana gundi ya asili ya kushikilia jiwe, na pasipo udongo huo yangegandana kuwa donge moja na kuoza. Samaki wenyewe hurudishwa ziwani wakiwa hai.

Mayai hupelekwa kwenye vituo vya kutotolesha, kama vile Milford na Pratt, na kuwekwa katika mitungi mirefu ya kioo au plastiki ambamo maji huingia kutokea chini na kuyazungusha polepole mchana na usiku. Mayai yaliyokufa huwa meupe na mepesi, hupanda juu na kuondolewa. Yaliyo hai yanapoanza kuonyesha vidoa viwili vyeusi, hayo ni macho, na kituo kizima hujua kwamba siku za kutotoa zimekaribia. Kifaranga akishatoka, maji humbeba hadi ukingoni mwa mtungi na kumwangusha katika tangi.

Je, wanapandikizwa wakiwa wadogo au wakubwa?

Kuna njia tatu, na kila moja ina gharama na hatari zake.

Njia ya kwanza ni kuwapandikiza wachanga wa siku chache. Hawa wana urefu wa milimita 7 au 8, na ukiwatazama kwenye mfuko wa plastiki utaona mistari myembamba ya kioo yenye macho tu. Ni rahisi kuwapata kwa mamilioni na kuwasafirisha, na hawajala chochote cha kituo. Hatari yao ni njaa: kiini cha yai walichobaki nacho tumboni huisha upesi, na baada ya hapo lazima wakute majini vijidudu vidogo vinavyoelea, vya ukubwa wa kuingia kinywani mwao. Ikiwa wiki hiyo ziwa ni baridi na vijidudu bado havijaongezeka, kundi zima linaweza kupotea bila mtu yeyote kuona hata mzoga mmoja.

Njia ya pili ni ya vifaranga wa takriban sentimita 4. Wachanga huwekwa kwanza katika mabwawa ya kituo yaliyorutubishwa, mara nyingi kwa majani makavu ya alfalfa yaliyosagwa, ambayo yakioza huzalisha vijidudu kwa wingi. Hukaa humo kwa mwezi mmoja na zaidi kidogo, na mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni mabwawa hukaushwa na vifaranga kukusanywa. Tarehe hiyo haiwezi kusogezwa mbele sana. Vijidudu vikipungua, wolai wadogo huanza kulana wao kwa wao. Utamkuta mmoja amemmeza mwenzake wa kimo kile kile, mkia ukiwa bado unaning'inia nje ya mdomo. Wiki moja ya kuchelewa inaweza kupunguza mavuno ya bwawa vibaya.

Njia ya tatu ni vifaranga wakubwa wa sentimita 15 hadi 20, wanaolelewa hadi Septemba au Oktoba. Hawa wamekwisha kuvuka hatari nyingi, lakini walipaswa kulishwa samaki wadogo au chakula cha kutengenezwa kwa miezi mingi, na kila mmoja wao hugharimu mara nyingi zaidi ya mchanga. Hakuna jimbo linaloweza kumudu kuwaweka wa aina hii katika kila ziwa.

Huwekwa wangapi kwa ekari moja?

Kwa kawaida wachanga huhesabiwa kwa mamia mengi au maelfu kwa ekari, vifaranga wa sentimita 4 kwa makumi, na wale wakubwa wa vuli hata chini ya kumi au zaidi kidogo. Nawasihi wasomaji wasilinganishe tarakimu hizo kana kwamba ni kitu kimoja. Gazeti likiandika kwamba ziwa fulani limepewa wolai 200,000 na jingine 2,000, la pili huenda ndilo litakalokuwa na samaki wengi baada ya miaka mitatu.

Ziwa letu lilipandikizwa wolai miaka miwili mfululizo. Mbona hatuwapati?

Hili ndilo swali linaloulizwa kwa uchungu zaidi, na mara nyingi muulizaji huamini kwamba lori halikufika au samaki walikufa njiani. Hilo linaweza kutokea, hasa pale samaki wanapomwagwa bila kusawazishiwa joto la maji ya tangi na ya ziwa, lakini wafanyakazi huchukua muda kuchanganya maji hayo kidogo kidogo kabla ya kuwaachia. Sababu kubwa zaidi hupatikana ndani ya ziwa lenyewe.

Ya kwanza ni besi mdomo-mkubwa, samaki mwindaji wa maziwa haya. Maziwa madogo ya Kansas yamejaa besi pamoja na krapi na blugili, samaki wadogo bapa wa huku, na besi anayekaa kwenye majani ya pwani humwona kifaranga mwembamba wa wolai kama zawadi. Katika Ziwa Ridge, ziwa dogo la Illinois lenye besi wengi, watafiti walipandikiza wolai wa ukubwa mbalimbali na kuchapisha matokeo mwaka 1993: waliowekwa wakiwa wadogo hawakufua dafu, waliowekwa wakiwa wakubwa waliishi kwa kiwango bora zaidi, na besi alikuwa miongoni mwa walaji wakuu. Kwa maoni yangu matokeo hayo yangepaswa kubandikwa kwenye kila ubao wa matangazo ziwani, kwa sababu yanaeleza kile ambacho wavuvi wengi hukidhania kuwa uzembe wa serikali.

Ya pili ni chakula cha wolai aliyekwisha kua. Mwindaji huyu ana koo linalopendelea samaki mwembamba asiye na miiba mikali. Shadi, samaki wa rangi ya fedha anayezaliana kwa wingi katika mabwawa makubwa, humfaa sana akiwa mdogo. Blugili, ambaye ndiye aliyejaa katika maziwa madogo, ni bapa kama kiganja na miiba yake husimama, na wolai hupata shida kummeza. Kwa hiyo ziwa linaweza kuonekana limejaa vitoweo na bado wolai akadumaa.

Ya tatu ni joto, na hapa naomba uvumilivu wa msomaji kwa kuwa jambo hili halionekani kwa macho. Wolai hustawi katika maji ya nyuzi 20 hadi 24. Mwezi Julai maji ya juu ya bwawa dogo la Kansas huweza kukaribia nyuzi 30. Mtu angetarajia samaki ateremke chini kwenye ubaridi, lakini maji ya chini katika majira hayo huwa yamejitenga na ya juu, majani na mwani uliokufa huoza humo, na oksijeni huisha. Ukishusha kipima oksijeni kutoka gatini, kipimo hukaa vizuri kwa mita chache za mwanzo, kisha huporomoka ghafla ndani ya nusu mita hadi karibu na sufuri, na ukivuta maji ya kina hicho utasikia harufu ya yai viza. Wolai hubanwa katika tabaka jembamba kati ya joto la juu na hewa iliyokosekana chini. Katika Milford lenye upepo na eneo pana, tabaka hilo ni kubwa. Katika bwawa la ekari 60 lililozungukwa na miti, linaweza kuwa la kimo cha mtoto. Samaki hafi lazima, lakini haongezeki uzito kwa miezi miwili, na mnyonge huliwa au hupata ugonjwa.

Ya nne ni utoro wa bwawa, yaani pale maji ya ziada yanapomwagikia. Wolai hukusanyika karibu na tuta wakati ule ule wa machipuko ambapo mvua kubwa hunyesha, na ana tabia ya kufuata mkondo. Mafuriko ya juma moja yanaweza kuwatoa wolai wazima walioishi humo miaka mitano, wakaishia kwenye kijito cha chini. Katika Ziwa Rathbun, Iowa, kulijengwa kizuizi kwenye utoro kwa ajili ya tatizo hili, lakini ziwa hilo ni kubwa na ni mojawapo ya machimbuko ya mayai ya jimbo hilo. Kwa kila bwawa dogo gharama ya namna hiyo ni vigumu kuihalalisha.

Na ya tano, nisiifiche, ni sisi wenyewe. Tunavua saa sita mchana kwenye jua kali, samaki ambaye macho yake yameumbwa kwa giza.

Kwa hiyo wolai na besi hawawezi kuishi ziwa moja?

Wanaweza, endapo wolai ataingia akiwa mkubwa na ziwa lina mahali pa wazi na penye kina. Msimamizi akichagua kuweka wolai wachache wakubwa katika ziwa la besi, mara nyingi lengo lake si kuwapa wavuvi wolai wengi, ni kupata mwindaji wa ziada atakayepunguza krapi waliodumaa kwa msongamano.

Sogai ni nani, na kwa nini huwekwa badala ya wolai?

Sogai ni chotara wa wolai jike na soga dume. Soga, Sander canadensis, ni ndugu wa wolai aliyezoea mito yenye tope. Chotara wao hustahimili maji machafu, hukua upesi katika miaka ya mwanzo, na katika mabwawa ambayo maji yake hupita haraka ameonekana kubaki kuliko wolai halisi. Kansas na Ohio wamewatumia sana. Ukimshika, tazama utando wa pezi la kwanza la mgongo: sogai ana mabaka meusi yaliyopangika kati ya miiba, wolai hana ila doa moja kubwa nyuma ya pezi hilo.

Tatizo ni kwamba chotara huyu si tasa. Anaweza kuzaa na wolai au soga halisi na kuchafua damu ya kizazi kizima, na kwa sababu hiyo hapaswi kuwekwa mahali ambapo atafikia mabwawa yanayotegemewa kwa mayai ya wolai. Anayelalamika kwamba ziwa lake limenyimwa sogai atazame ramani kwanza, aone kijito cha ziwa hilo kinamwaga wapi.

Wataalamu hujuaje kama upandikizaji umefaulu?

Kuanzia vuli, maji yakishapoa, hutega nyavu za makila usiku na kuhesabu walionaswa asubuhi. Pia hupita pwani usiku kwa mashua yenye taa na fito zinazopitisha umeme majini. Umeme huo huwapoozesha samaki kwa sekunde chache, wakaokotwa kwa kimia, wakapimwa na kurudishwa. Kifaranga wa mwaka ule ule akipatikana, hiyo ni habari njema, lakini je, ni wa lori au amezaliwa humo humo?

Kuna njia nzuri ya kulijibu hilo. Kabla ya kuachiwa, wachanga huogeshwa kwa saa kadhaa katika maji yenye dawa ya oksitetrasaiklini, ambayo hujipachika kwenye vijiwe vidogo vilivyo ndani ya sikio la samaki. Miezi au miaka baadaye kijiwe hukatwa, huwekwa chini ya darubini yenye mwanga wa urujuanimno, na duara la njano hung'aa pale pale palipokuwa ukingo wa kijiwe siku ile alipoogeshwa. Asiye na duara alizaliwa ziwani. Vijiwe hivyo hivyo hutumika kuhesabu umri, kwa kuwa huongeza pete kila mwaka kama mti.

Matokeo ya mwaka mmoja hayatoshi kuamua. Wolai wana miaka ya neema na miaka ya ukame hata katika maziwa bora, na msimamizi makini husubiri apate mfuatano wa miaka kadhaa kabla ya kubadili ukubwa wa vifaranga, kubadili idadi au kuacha kabisa.

Nani hulipa?

Hulipa mvuvi. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1950, inayojulikana kwa majina ya Dingell na Johnson, ilielekeza kodi ya asilimia 10 ya vifaa vya kuvulia kwenye kazi za uvuvi, na fedha hizo hugawiwa kwa majimbo kwa kuzingatia eneo lake na idadi ya leseni zilizouzwa. Kwa miradi inayokubalika, shirikisho huweza kurudisha hadi asilimia 75 ya gharama na jimbo hujazia iliyobaki, mara nyingi kutokana na ada za leseni. Anayevua bila leseni kwa hiyo hajaikwepa ada yake tu. Amelipunguzia jimbo pia fungu kutoka Washington.

Kwa nini nimrudishe wolai wa inchi 14?

Kikomo cha jumla cha Kansas cha urefu wa chini wa samaki unayeruhusiwa kumchukua ni inchi 15, yaani sentimita 38, na samaki 5 kwa siku, wolai na sogai na soga wakihesabiwa pamoja. Maziwa mengine yana vikomo vikali zaidi, vya inchi 18 au 21, na ubao ulio penye njia ya kushushia mashua ndio unaotawala. Katika Bwawa la Cheney, magharibi mwa Wichita, kikomo kimewahi kupandishwa hadi inchi 21 ili wolai wakubwa wabaki wakimla pachi mweupe, samaki mvamizi anayezaliana kupita kiasi.

Katika ziwa linalotegemea kupandikizwa, kikomo si kwa ajili ya kumpa samaki nafasi ya kuzaa. Ni kwa sababu ya hesabu nyingine: wolai huchukua kama miaka miwili hadi mitatu kufikia inchi 15, na anayemchukua akiwa na inchi 12 amechukua minofu ya vidole viwili kutoka kwa samaki ambaye mwaka mmoja baadaye angelisha watu wawili. Umrudishapo, lowesha mikono kwanza ili usimwondolee ute unaomkinga, usiingize vidole kwenye matamvua, na kama ndoana imezama kooni, kata uzi karibu na mdomo. Katika joto la Julai ni bora uache kabisa kuvua wolai kwa nia ya kuwaachia, kwa sababu wengi huogelea vizuri mbele yako na kufa baadaye.

Naweza kuhamisha wolai wachache kutoka bwawa kubwa hadi ziwa la mtaani kwetu?

Hapana. Ni kosa kisheria, na wanaotoka Afrika Mashariki wanajua kwa nini kuliko wengi. Sangara aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, akaongezeka kwa kasi miaka ya 1980, na aina nyingi za furu zikatoweka. Ziwa dogo haliwezi kustahimili hata sehemu ndogo ya mshtuko wa namna hiyo. Zaidi ya samaki mwenyewe, ndoo ya maji hubeba vimelea na viluwiluwi vya kome milia, ambaye amekwisha kuenea katika mabwawa kadhaa ya Kansas tangu alipoonekana El Dorado mwaka 2003. Kausha mashua yako, mwaga maji yote kabla ya kuondoka, na usimwage chambo hai kilichobaki.

Ni wakati gani mzuri wa kumvua?

Aprili na Mei jioni, kando ya mawe ya tuta, kwa mnyoo au chambo bandia kinachovutwa polepole karibu na chini. Kisha tena Oktoba. Siku yenye upepo unaopiga tuta ni bora kuliko siku tulivu, kwa kuwa mawimbi huchafua maji na kumpa wolai faida ya macho yake.

Je, ni mtamu?

Ni miongoni mwa samaki watamu kabisa wa maji haya. Nyama yake ni nyeupe, imara, haina mafuta mengi wala harufu ya tope, na hukubali kukaangwa kwa chumvi, ndimu na kitunguu saumu kama tulivyozoea, au kupikwa mchuzi wa nazi pasipo kusagika. Kwa wajawazito na watoto wadogo, wale wa kimo cha wastani ni salama kuliko wale wakubwa sana, kwa sababu samaki mwindaji hukusanya zebaki kadiri anavyozeeka. Fuata ushauri wa afya unaotolewa na jimbo kwa ziwa husika.

Ziwa letu halijawahi kupewa wolai. Tuandike barua ya kudai?

Mnaweza kuandika, na wasimamizi hupokea maoni ya wananchi. Ila nawaomba muulize kabla ya kudai: ziwa lina kina gani, oksijeni ya Julai inaishia wapi, shadi wapo, maji ya mafuriko hupita mara ngapi kwenye utoro. Iwapo majibu ni mabaya, ziwa hilo linaweza kuwa bora zaidi kwa kambare wa madoa na blugili, ambao watoto wenu watawavua kwa mnyoo na kijiti cha mti bila kusubiri miaka mitatu. Vifaranga 3,000 waliopelekwa mahali pasipowafaa wameondolewa mahali ambapo wangeishi.

Mvuvi wa kawaida anawezaje kusaidia?

Msimu fulani utamkuta karani mwenye ubao wa kuandikia akipita pwani, akiuliza umevua saa ngapi, umepata nini, umechukua wangapi na kurudisha wangapi. Wengi wetu humkwepa kwa kudhani ni askari wa leseni. Simama umjibu kwa ukweli, kwa Kiingereza cha namna yoyote ulicho nacho. Kama umekaa saa nne na hukupata hata mmoja, mwambie hivyo hivyo, kwa sababu saa nne zisizo na samaki huandikwa kwenye fomu sawa na samaki watano wa jirani yako, na hesabu hizo zote mbili huwasaidia wasimamizi kupanga ni ziwa gani lori litaelekea baadaye.